Lagos Island, Kano, Aba au Abuja: uichague halmashauri ipi ya Nigeria kuifanyia utafiti?

Katiba ya Nigeria ya 1999 inataja toroli. Si utani. Nyongeza ya Nne, inayopanga kazi za halmashauri, inazipa kutoa leseni za baiskeli, mitumbwi, mikokoteni na toroli, pamoja na kusimamia masoko, machinjio, makaburi na vituo vya magari, na kuipa mitaa majina. Orodha hiyo ni moja kwa nchi nzima. Nyongeza ya Kwanza nayo inataja halmashauri zenyewe, jina kwa jina: 768 katika majimbo 36, na sita zaidi katika eneo la mji mkuu, Abuja. Jumla 774. Ukiishia kwenye karatasi utadhani zimefyatuliwa zote katika kalibu moja kama matofali.

Ndiyo maana watu hukwama. Mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu ugatuzi, mwandishi wa habari ana nauli ya safari moja, mtu wa asasi anataka kulinganisha madiwani wa kwao na wa Afrika Magharibi. Kila mmoja ana nafasi ya halmashauri moja, na majina manne hujirudia kwenye mazungumzo: Lagos Island, Kano Municipal, Aba South na Abuja Municipal, ambayo wenyewe huiita AMAC. Wengi huchagua Lagos kwa sababu ndilo jina walilolisikia tangu utotoni. Sioni kama hiyo ni sababu ya kutosha.

Tuanze na neno lenyewe, maana linapotosha. Mtanzania akisikia "serikali ya mtaa" anamwona mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake, akiandika barua ya utambulisho. Chombo cha Nigeria ni kikubwa zaidi, kinakaribiana na halmashauri ya wilaya au manispaa. Wahausa huiita karamar hukuma, Wayoruba ijoba ibile. Mwenyekiti wake hupigiwa kura na wananchi moja kwa moja, naye ndiye mtendaji mkuu. Hasubiri madiwani wamchague, wala hana mkurugenzi aliyeteuliwa na rais wa kugombana naye kuhusu nani asaini hundi. Humu nitaiita halmashauri.

Vigezo vya kupimia

Nimechukua vitano. Kwanza asili: nani aliizaa halmashauri hiyo, na kwa haja gani. Pili kura: nani hasa anamweka mwenyekiti kitini. Tatu fedha, kwa maana ya njia zinazopita kabla ya kufika, kuliko kiasi chake. Nne jadi na ardhi, kwa sababu Nigeria huwezi kuongelea utawala wa karibu na mwananchi ukawaruka wafalme, machifu na wenye viwanja. Tano nyaraka na lugha, kigezo ambacho watu hukidharau mpaka siku wanapokaa mbele ya faili wasiloweza kulisoma.

Sikuweka kigezo cha ubora wa huduma. Taka hazizolewi vizuri katika zote nne, na kuzipanga kwa hilo kungekuwa kupoteza wino.

Asili

Mfumo unaoonekana leo ni kazi ya wanajeshi. Mageuzi ya 1976 yalifuta aina mbalimbali za mabaraza yaliyokuwapo kaskazini, magharibi na mashariki, yakaweka muundo mmoja wenye halmashauri 301. Jenerali Babangida alizifikisha 449 mwaka 1989 na 589 mwaka 1991. Jenerali Abacha akafika 774 mwaka 1996. Hakuna serikali ya kiraia iliyofanikiwa kuongeza hata moja katika orodha ya katiba tangu hapo. Ila chini ya rangi hiyo moja kuna kuta nne tofauti.

Ukuta wa Lagos Island ni wa mji wa bandari. Waingereza waliupiga Lagos kwa mizinga mwaka 1851 na kuutwaa kuwa koloni mwaka 1861, Dosunmu akiwa mfalme. Sheria ya miji ya 1917 iliupa Lagos daraja la kwanza, mji pekee nchini kupewa daraja hilo, na mwaka 1920 wajumbe wachache wa baraza lake wakaanza kupigiwa kura. Mwaka 1950 baraza zima lilichaguliwa na wananchi, na Dakta Abubakar Olorun-Nimbe akawa meya. Alikuwa wa kwanza na wa mwisho: cheo kilifutwa mwaka 1953, serikali ya Kanda ya Magharibi ikamweka Oba, mfalme wa Lagos, kuwa rais wa baraza. Hapo Isale Eko, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka soko la Idumota, bado ipo Iga Idunganran, nyumba ya Oba. Halmashauri imekulia kati ya ikulu hiyo na maduka.

Kano ni hadithi nyingine kabisa. Jeshi la Mwingereza Lugard liliingia ndani ya kuta za Kano mwezi Februari 1903, likakuta dola lenye emiri, mahakimi, mahakama, kodi na hazina. Badala ya kuivunja, Waingereza waliipanda mgongoni. Mamlaka ya wenyeji ya Kano ikawa na hazina yake iliyoitwa beitulmali, polisi wake waliojulikana kama 'yan doka, na gereza lake. Msikilizaji wa Kiswahili hapa anajisikia nyumbani nusu nusu: hakimi wa Kihausa si mwamuzi wa mahakamani kama hakimu wetu, ni mkuu wa wilaya chini ya emiri, chini yake yuko dagaci wa kijiji, na chini zaidi mai unguwa wa mtaa.

Na uhusiano hauishii kwenye maneno. Donald Cameron alikuwa ofisa wa juu katika serikali ya Nigeria kabla ya kuletwa Dar es Salaam mwaka 1925 kuwa gavana wa Tanganyika. Sheria ya mamlaka za wenyeji aliyoipitisha mwaka 1926, iliyowasaka machifu hadi mahali ambapo hawakuwapo, ilikuwa imebebwa kwenye mizigo kutoka huko. Mwaka 1931 alirudi Nigeria kuwa gavana, akakuta mfumo huohuo umewaka moto upande wa mashariki.

Moto huo ndio ukuta wa Aba. Sehemu kubwa ya nchi ya Waigbo haikuwa na mfalme wa kupandwa mgongoni. Wenyewe husema Igbo enwe eze, Waigbo hawana mfalme, ingawa Onitsha na Nri wana la kujibu. Waingereza wakatengeneza machifu wa hati: mtu anapewa karatasi, kesho yake ni mtawala. Mwaka 1928 wanaume walianza kutozwa kodi. Novemba 1929, kijijini Oloko, mjumbe wa chifu wa hati alimkuta mama mmoja, Nwanyeruwa, akitengeneza mafuta ya mawese, akamwambia ahesabu mbuzi, kondoo na watu wa nyumbani kwake. Mama akamuuliza kama mama yake yeye alihesabiwa. Ugomvi ukawaka hapohapo. Habari zilisambazwa kwa majani ya mchikichi yaliyopitishwa kutoka mkono hadi mkono, na wanawake wakamwendea chifu huyo, Okugo, kwa desturi yao ya "kumkalia" mwanamume aliyekosa: kuzingira nyumba yake, kuimba nyimbo za kumvua nguo, kucheza mpaka akiri. Desemba walikuwa Aba mjini, wakivamia maduka ya makampuni, benki na gereza. Hadi vurugu zinaisha wanawake zaidi ya 50 walikuwa wameuawa kwa risasi katika maeneo mbalimbali ya mashariki. Machifu wa hati waliondolewa miaka iliyofuata, na mwaka 1950 Kanda ya Mashariki ikawa ya kwanza kutunga sheria ya mabaraza ya kuchaguliwa kwa mtindo wa Uingereza. Aba ya leo, mji wa washona viatu na nguo, imegawanywa katika halmashauri mbili, Kaskazini na Kusini.

AMAC haina ukuta wa kale wa namna hiyo, na hilo lenyewe ni jambo la kusoma. Amri Na. 6 ya Februari 1976 ilikata eneo la mji mkuu kutoka majimbo ya Niger, Plateau na Kwara, baada ya jopo la Jaji Akinola Aguda kupendekeza mahali pa katikati ambapo hapakuwa na kabila kubwa la kupadai. Watu walikuwapo, wengi wao Wagbagyi. Mpango wa awali ulikuwa kuwahamisha wote. Baadaye wakaruhusiwa wanaotaka kubaki wabaki, na mgogoro ukabaki nao. Serikali ilihamia rasmi tarehe 12 Desemba 1991. Leo AMAC ina kata 12, na orodha yake inasimulia yote: City Centre na Wuse, zenye mabalozi na mahoteli, ziko daftari moja na Gui, Orozo na Karshi za pembezoni.

Kura

Katika majimbo, uchaguzi wa halmashauri husimamiwa na tume ya jimbo, ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana. Yanayofuata unaweza kuyakisia.

Kano ndiyo mfano uliokolea. Januari 2021 chama cha APC, kilichokuwa na gavana, kilitwaa viti vyote 44 vya uenyekiti. Mwaka 2023 Kano ilichagua gavana wa NNPP. Oktoba 2024 NNPP ikatwaa vyote 44. Kura zilihama, sikatai, lakini hakuna mahali duniani ambapo kura zote huhama pamoja kama nyumbu wa Serengeti. Lagos haiko nyuma: Julai 2025 APC ilitangazwa mshindi wa viti vyote 57 vya uenyekiti. (Kwa nini 57 wakati katiba inaitambua Lagos kwa 20? Nakuja huko.)

Abia, jimbo la Aba, lilitoa sura ya kuchekesha zaidi Novemba 2024. Gavana alichaguliwa kwa chama cha Labour, lakini chama hicho kilikuwa kimepasuka juu kwa mgogoro wa uongozi. Kambi yake ikapita kwa tiketi ya Zenith Labour Party, ambayo ilichukua halmashauri 15 kati ya 17. Mbili zilizobaki zilikwenda kwa YPP. Mbili si nyingi, ila ukizilinganisha na sifuri za Kano na Lagos, mtafiti ana kitu cha kuuliza.

AMAC inasimama peke yake kwa sababu eneo la mji mkuu halina gavana wala bunge la jimbo. Uchaguzi wake husimamiwa na INEC, tume ileile inayosimamia uchaguzi wa rais. Februari 2022 vyama viwili vikubwa vya wakati huo, APC na PDP, viligawana halmashauri sita za Abuja, na PDP, iliyokuwa upinzani kitaifa, ikatangazwa kushinda AMAC yenyewe, mlangoni mwa ikulu. Kwa mtu anayetafiti kama msimamizi wa uchaguzi hubadili matokeo, jozi ya AMAC na halmashauri yoyote ya jimbo ni maabara tayari. Ila mwenyekiti aliyepatikana kwa kura za kweli anakaa chini ya waziri aliyeteuliwa na rais, ambaye kura hakuomba kwa mtu.

Fedha

Mapato ya shirikisho, mengi ya mafuta na kodi, hugawanywa kila mwezi: serikali kuu asilimia 52.68, majimbo 26.72, halmashauri 20.60. Fedha za VAT zina mgawo wake. Mpaka hapo halmashauri zinaonekana zina riziki nono. Lakini kifungu cha 162 cha katiba kinaamuru fungu lao lipitie akaunti ya pamoja ya jimbo na halmashauri. Akaunti hiyo ndiyo shingo ya chupa. Mishahara ya walimu wa shule za msingi hukatwa humo kwanza, kisha pensheni, kisha mengine ambayo gavana ameyaona ya lazima, na mwenyekiti hurudi kwao na kinachobaki.

Kwenye hili Lagos ina utajiri wa kisa ambao zile tatu hazina. Sensa ya 2006 iliipa Lagos na Kano zaidi ya watu milioni 9 kila moja, Kano ikitangulia kidogo. Kano ina halmashauri 44, Lagos 20. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mgawo huhesabiwa kwa usawa kati ya halmashauri bila kujali wingi wa watu, tofauti hiyo ni fedha taslimu kila mwezi. Bola Tinubu, akiwa gavana wa Lagos, aliongeza halmashauri 37 na Machi 2004 akaitisha uchaguzi katika zote 57. Rais Obasanjo akazuia fedha za halmashauri za Lagos. Lagos ikaenda mahakamani, na Desemba 2004 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu yenye ncha mbili: rais hana mamlaka ya kuzuia fedha hizo, na halmashauri mpya ni mimba isiyozaliwa mpaka Bunge la Taifa liziingize katika katiba. Zile 37 zikapewa jina la LCDA, maeneo ya maendeleo ya halmashauri, nazo zipo hadi leo na wenyeviti na madiwani wao. Fedha za Lagos zilifunguliwa baada ya Yar'Adua kuingia ikulu mwaka 2007.

Kwa Lagos Island maana yake ni hii: kisiwa ambacho ungekizunguka kwa mguu asubuhi moja kina halmashauri inayotambuliwa na katiba, na pembeni yake Lagos Island East, isiyotambuliwa. Mgao unaoingia kwa jina moja hulisha ofisi mbili. Mwenye duka Idumota hana muda na tofauti hiyo ya kisheria. Anachojua ni kwamba kila msimu kuna karatasi mpya ya ushuru ya kubandikwa mlangoni.

Kano hainufaiki kama hesabu inavyoonyesha. Fungu ni kubwa kwa wingi wa halmashauri, lakini Kano Municipal imemegwa mara kadhaa. Dala, Gwale, Fagge, Tarauni na Nassarawa zote ni vipande vya mji uleule. Aba ina walipa ushuru wengi wadogo, mafundi na wachuuzi, na mapato yake ya ndani hutegemea wakusanyaji wa mitaani ambao hesabu zao hazijulikani vizuri. AMAC ndiyo inayoweza kutoza mahoteli na majengo ya kifahari, na ndiyo inayogongana zaidi na idara za waziri: mfanyabiashara mmoja hupokea madai ya leseni kutoka pande mbili, kila upande ukidai ndio wenye haki. Pamoja na vitega uchumi hivyo, mwaka 2025 walimu wa shule za msingi wa eneo zima la mji mkuu waligoma kwa miezi, kwa sababu halmashauri hazikuwa zimewalipa kima cha chini kipya cha naira 70,000.

Tarehe 11 Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba fedha za halmashauri zilipwe moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwa magavana, na kwamba gavana hana ruhusa ya kuvunja halmashauri iliyochaguliwa na kuweka kamati ya muda. Aliyefungua kesi dhidi ya majimbo yote 36 ni mwanasheria mkuu wa serikali ya Rais Tinubu, yuleyule aliyewahi kuwa gavana aliyenyimwa fedha. Utekelezaji ulisuasua hadi 2025. Ukitaka kuufuatilia, Kano na Lagos zina magazeti mengi yanayouandika. Aba utalazimika kutembea mwenyewe ofisi kwa ofisi.

Jadi na ardhi

Sheria ya Ardhi ya 1978 iliiweka ardhi ya kila jimbo chini ya gavana, na ya Abuja chini ya serikali ya shirikisho kupitia waziri. Halmashauri za mijini hazina kauli kubwa. Mtafiti anayedhani atakuta kamati ya ardhi yenye meno, kama za kwetu zinazogawa viwanja, atashangaa katika zote nne.

Lagos Island inakupa kesi mbili ambazo wanasheria wa makoloni yote ya Uingereza walizisoma. Mwaka 1921 Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua katika shauri la Amodu Tijani, chifu wa ukoo wa Oluwa, kwamba ardhi ya jamii Apapa haiwezi kutwaliwa kana kwamba haina mwenyewe. Lazima fidia ilipwe. Mwanasiasa wa Lagos Herbert Macaulay alisafiri naye hadi London. Kisha Oba Eshugbayi, aliyeitwa Eleko, aliondolewa na kupelekwa Oyo mwaka 1925, na mwaka 1931 London ikasema mahakama zina haki ya kuhoji uhalali wa kufukuzwa kwake. Akarudi nyumbani.

Kano jadi haijawa historia. Emiri Muhammadu Sanusi wa Kwanza alijiuzulu mwaka 1963 baada ya uchunguzi wa fedha za mamlaka ya wenyeji. Mjukuu wake, Sanusi wa Pili, aliondolewa Machi 2020, mwaka mmoja baada ya serikali ya jimbo kuigawa emireti katika sehemu tano. Mei 2024 serikali mpya ilifuta sheria hiyo na kumrudisha. Emiri aliyeondolewa kumpisha, Aminu Ado Bayero, naye akarudi mjini. Kano ikawa na madai mawili ya kiti kimoja: mmoja ndani ya Gidan Rumfa, ikulu ya karne ya 15, mwingine katika nyumba ya kifalme ya Nassarawa, kila mmoja na walinzi wake. Ofisi ya halmashauri iko Kofar Kudu, jina lilelile la mlango wa kusini wa ikulu. Mwenyekiti wa halmashauri anayeamka katikati ya hayo anajua kwamba salamu za Idi atakazopeleka ni tamko la kisiasa.

Aba hakuna ikulu ya namna hiyo. Wapo maeze wanaotambuliwa na jimbo, wengi, kila jamii na wake, lakini nguvu halisi ya mashinani utaikuta zaidi kwenye vyama vya masoko, vya mafundi na vya watu wa kijiji kimoja waishio mjini. Abuja kuna machifu wa Kigbagyi na wengine, wenye vyeti na wasio na ardhi. Madai yao ya fidia ndiyo siasa yenyewe.

Kuna jambo moja linalokata zote nne, nalo ni cheti cha asili. Mnigeria akiomba nafasi ya chuo au kazi ya serikali huulizwa halmashauri yake ya asili, na asili hiyo ni ya baba na babu, si ya anakoishi. Mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka Lagos Island, bado cheti akakifuate kijiji ambacho hajalala hata usiku mmoja. Abuja swali hilo huwa chungu kwa namna yake: mji uliopangwa uwe wa wote una wenyeji wanaosema ni wao tu wasiokuwa na gavana. Anayetaka kuona uchungu huo ukifikia damu aangalie Jos North, iliyoundwa 1991, ambako uchaguzi wa halmashauri wa Novemba 2008 ulifuatiwa na mauaji. Sikuiweka kwenye ulinganisho huu kwa sababu inahitaji mtafiti aliyezoea kazi ya maeneo yenye majeraha.

Nyaraka na lugha

Faili za kikoloni za Lagos na magharibi ziko Hifadhi ya Taifa ya Ibadan, za kaskazini Kaduna, za mashariki Enugu. Yaani kwa Lagos, Kano na Aba utahitaji safari ya pili. Abuja imezaliwa baada ya wakoloni, kwa hiyo nyaraka zake nyingi ziko kwenye gazeti la serikali na kwenye meza za maofisa wasiopenda kuzitoa. Habari za watu waliokuwapo kabla utazisaka Kaduna.

Lagos ina magazeti ya tangu karne ya 19 na hukumu za mahakama zinazosomeka kwa Kiingereza. Aba ina hazina ambayo ningeiweka mbele ya zote kwa mtu wa historia ya wanawake: ushahidi uliochukuliwa na tume ya uchunguzi na kuchapishwa mwaka 1930, ambamo sauti za wanawake zimeandikwa, japo kupitia wakalimani. Kano bila Kihausa utabaki sebuleni. Mswahili hujifunza haraka kiasi, kwa maneno ya Kiarabu yaliyo pande zote mbili, ila asidanganyike: sarufi haifanani hata kidogo.

Uelekee wapi

Swali lako likiwa ni mvutano wa serikali kuu na ngazi za chini, au sheria na mgawanyo wa fedha, Lagos Island itakulipa haraka, hasa ukiwa na miezi mitatu tu na Kiingereza peke yake. Hasara yake ni msongamano: kila mtu ameandika kuhusu Lagos, na msimamizi wako atakuuliza unaongeza nini. Kuipima pamoja na Lagos Island East badala ya peke yake ni njia mojawapo ya kumjibu.

Anayeshughulika na utawala wa jadi, Uislamu na dola, au mizizi ya mfumo uliokuja Tanganyika na Cameron, Kano inamfaa, mradi ana mwaka mzima na mwalimu wa Kihausa. Kwa kipindi hiki cha madai mawili ya kiti, ajipange pia kusikiliza pande zote mbili bila kuonekana mgeni wa upande mmoja. Hilo ni gumu kuliko Kihausa.

Mtu wa historia ya wanawake, ya kodi, au ya wafanyabiashara wadogo wanaojitawala pale halmashauri iliposhindwa, aende Aba. Mtu wa takwimu za serikali asiende, atachoka. Na mtu wa chaguzi, mipango miji au haki za wenyeji waliotangulia mji, AMAC ndiyo yake; usafiri ni rahisi, maofisa wanazungumza Kiingereza, lakini kina cha historia atakitafuta kwa tochi.

Kwa mwandishi wa habari mwenye wiki mbili, hesabu hubadilika: Lagos au Abuja, kwa sababu ya wasemaji wanaopatikana kwa simu. Kwa mtu wa asasi anayetaka kulinganisha na kaunti ya Kenya, tahadhari. Kaunti ya Kenya ina gavana na bunge lake, kwa hiyo inakaa karibu zaidi na jimbo la Nigeria; ukiilinganisha na halmashauri umepima debe kwa kibaba.

Kabla ya kukata tiketi, fanya zoezi moja la jioni. Serikali ya Nigeria huchapisha majedwali ya mgawo wa mwezi, halmashauri kwa halmashauri. Chukua la mwezi mmoja, utafute mistari minne: Lagos Island, Kano Municipal, Aba South, Abuja Municipal. Tazama kilichotengwa na makato yaliyoandikwa pembeni, ukione kipi kinakufanya uandike swali kwenye karatasi. Lagos Island East usihangaike kuitafuta, haimo.